Kitambaa cha Kikombe na Hesabu Yake

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kukaribishwa chai alasiri katika nyumba mojawapo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Umepita vichochoro vyembamba, umepiga hodi, umeambiwa karibu, umevua viatu na kukaa sebuleni. Punde ikaletwa trei, juu yake birika la chai yenye iliki, mdalasini na tangawizi, sahani ya vitumbua, na vikombe vimepangwa vizuri. Chini ya kila kikombe pana kitambaa kidogo cheupe cha duara, kimefumwa kwa uzi wa pamba, kina madirisha katikati na petali pembeni kama ua la asumini lililofunguka.

Ukanywa chai yako, ukasifu vitumbua, ukauliza hali ya watoto, kisha ukaaga. Yaelekea hukuuliza kitambaa kile kilifumwa na nani, wala kilimchukua saa ngapi. Si kosa lako. Kazi hii imezoeleka mno majumbani mwetu hata imekuwa kama hewa: ipo, lakini haionekani. Mwenyewe aliyeifuma, ukimwuliza, atatabasamu na kukujibu kwamba ni ya kupitishia wakati tu.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kumwonyesha asiyejua namna ya kufuma kitambaa cha kikombe, hatua kwa hatua, kwa vifaa vinavyopatikana madukani. Pili, kumkumbusha anayejua kwamba neno lile la "kupitishia wakati" linamgharimu zaidi ya anavyodhani. Kazi hii yote ni hesabu. Mfumaji huhesabu macho, huhesabu mizunguko, huhesabu mabonge ya uzi. Hesabu moja tu ndiyo anayoisahau, nayo ni ile ya saa zake.

KAZI YENYE WAZEE WAKE

Kazi za sindano si ngeni Unguja. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza jinsi wanawake wa majumba ya kifalme walivyozitumia saa zao za mchana katika kudarizi: shela na suruali zao kwa nyuzi za dhahabu, na mashati ya waume, wana na ndugu zao kwa hariri.

Shule ya kwanza ya Serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, kazi za mikono zilikuwa miongoni mwa masomo yake. Wazazi waliokuwa na wasiwasi juu ya elimu mpya waliona walau sindano ni kitu wanachokifahamu.

Nje ya mji nako, kisiwa kizima kina mikono iliyozoea kuhesabu. Mama wa shamba anayesuka ukili wa kushonea mkeka huhesabu njia za ukindu, na akiruka moja pambo zima hupinda. Kadhalika mshonaji wa kofia ya viua. Vile vitundu vidogo unavyoviona kwenye kofia ya sikukuu, vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, vimepangwa kwa hesabu tangu ukingo hadi utosini. Kofia moja ya mkono huweza kuchukua majuma mengi, na kwa muda mrefu wanawake wa Unguja wamezishona nyumbani na kuwavisha wanaume wa pwani nzima.

Kufuma kwa sindano yenye kulabu, ambayo wengi wetu twaiita kroshia, ni kazi changa kuliko hizo. Jina lake lenyewe limetoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya kulabu ndogo. Lakini imepokewa kwetu kama mwana wa nyumbani. Imetupatia vitambaa vya makochi, vya meza na vya redio, na vile vifuniko vya majagi vilivyotiwa shanga pembeni ili visipeperushwe na upepo, nzi wasiingie katika maji. Kawa la ukindu lilikuwa likifunika chakula tangu zamani. Kifuniko cha uzi ni ndugu yake mdogo.

VIFAA

Huhitaji vitu vingi. Unahitaji uzi wa pamba, kroshia moja, mkasi mdogo na sindano ya kawaida ya kufichia ncha za uzi. Vyote hivyo utavipata katika maduka ya nguo na nyuzi ya Darajani na Mchangani.

Katika uchaguzi wa uzi, tazama namba yake. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mwembamba. Uzi wa namba 10 wamfaa anayeanza, kwa kuwa macho yake yanaonekana bila taabu. Namba 20 ni wa mkono uliokwisha zoea. Chagua pamba tupu. Nyuzi nyingine zinang'aa vizuri dukani, lakini hazinywi maji, na kitambaa cha kikombe kisichonywa tone la chai kimeshindwa kazi yake ya kwanza. Nunua uzi wa seti nzima kwa safari moja, kwa sababu weupe wa bonge hili si lazima ufanane na weupe wa bonge la juma lijalo.

Kroshia ya chuma yenye unene wa milimita 1.5 hivi ndiyo inayokwenda na uzi wa namba 10. Hapa visiwani hewa ya bahari ni adui wa chuma. Ukimaliza kazi, ifute kroshia kwa kitambaa kikavu, uipake tone la mafuta ya cherehani, uihifadhi mahali pakavu, na uifute tena kabla ya kuitumia. Doa la kutu katika uzi mweupe ni ugomvi usiokwisha upesi.

NAMNA YA KUFUMA

Yako macho ya namna nne tu ya kujifunza.

Mnyororo: funga kitanzi chepesi kwenye kroshia, kamata uzi kwa kulabu, uvute upite ndani ya kitanzi. Hilo ni jicho moja la mnyororo.

Jicho la kufungia: ingiza kroshia mahali unapotaka kuunga, kamata uzi, uvute upite moja kwa moja katika vitanzi vyote.

Jicho fupi: ingiza kroshia, vuta uzi utokeze upate vitanzi viwili, kisha kamata uzi tena uuvute upite katika vyote viwili.

Nguzo: zungushia uzi mara moja kwenye kroshia kabla ya kuiingiza. Ingiza, vuta uzi utokeze. Sasa una vitanzi vitatu. Kamata uzi, pitisha katika viwili. Kamata tena, pitisha katika viwili vilivyobaki. Jicho hili husimama wima, ndiyo maana tumeliita nguzo.

Ukishayazoea hayo, anza kitambaa chako. Fuma mnyororo wa macho 6, uuunge kwa jicho la kufungia upate pete.

Mzunguko wa kwanza: fuma mnyororo wa macho 3, ambao tutauhesabu kuwa nguzo ya kwanza. Ongeza nguzo 11 ndani ya pete. Jumla ni nguzo 12. Funga kwa jicho la kufungia juu ya ule mnyororo wa mwanzo. Kila mzunguko utafungwa hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili: anza tena kwa mnyororo wa macho 3, kisha weka nguzo mbili juu ya kila nguzo ya chini, ukihesabu ule mnyororo kuwa mojawapo. Jumla ni 24.

Mzunguko wa tatu: nguzo moja juu ya ya kwanza, mbili juu ya ya pili, moja, mbili, mpaka mwisho. Jumla ni 36.

Mzunguko wa nne ndio wa madirisha. Fuma mnyororo wa macho 6. Matatu ni nguzo ya kwanza na matatu ni kizingiti cha dirisha. Ruka nguzo mbili za chini, weka nguzo moja juu ya ya tatu, kisha mnyororo wa macho 3. Endelea hivyo, ukifunga juu ya jicho la tatu la mnyororo wa mwanzo. Utapata nguzo 12 na madirisha 12, jumla ya macho 48.

Mzunguko wa tano: sogea ndani ya dirisha la kwanza kwa jicho la kufungia, kisha weka nguzo 5 ndani ya kila dirisha. Jumla ni 60.

Mzunguko wa sita ni wa petali. Anza kwa jicho fupi moja. Ruka nguzo mbili za chini, weka nguzo 5 zote juu ya ile inayofuata, ruka mbili nyingine, weka jicho fupi. Nguzo hizo tano zitafunguka kama upepo wa kujipepea. Ukizunguka mpaka mwisho utahesabu petali 10. Kata uzi, ncha zake uzifiche kwa sindano upande wa nyuma.

Kitambaa hiki, kwa uzi wa namba 10, huwa na upana wa sentimita 9 hivi, ikitegemea mkono wako unavyokaza. Kikombe chenye kitako cha sentimita 5 au 6 kikikaa katikati, petali zitaonekana pande zote. Ukitaka cha kuweka chini ya kisahani, usianze petali baada ya mzunguko wa tano. Ongeza kwanza mizunguko ya nguzo, wa macho 72, kisha wa 84, na kuendelea hivyo hivyo mpaka upana ukutoshe. Hesabu hizo zote zinagawanyika kwa sita, kwa hiyo petali zitakutimilia.

KITAMBAA HUSEMA KWELI

Tazama tena hesabu za mizunguko yetu: 12, 24, 36, 48, 60. Kila mzunguko umezidi uliotangulia kwa 12. Haikutokea kwa bahati. Duara linapopanuka kwa kipimo kilekile kila mara, mzingo wake nao hurefuka kwa kipimo kilekile. Mama asiyewahi kuingia darasa la hesabu anaijua kanuni hii vidoleni mwake.

Ukipunguza macho, kitambaa kitajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, kitafanya mawimbi kama rinda la gauni. Vyovyote iwavyo, kikombe hakitatulia juu yake. Dawa ni moja: hesabu kila mwisho wa mzunguko, na ukikuta upungufu, fumua papo hapo. Usijidanganye kwamba mzunguko ujao utafidia. Kosa la mzunguko wa pili likiachwa, hujitokeza mzunguko wa tano, na hapo utafumua kazi ya nusu saa badala ya kazi ya dakika tatu.

Mwanagenzi asivunjike moyo. Vitambaa vitatu vya mwanzo vitakuwa vya kufundishia mkono. Viweke chini ya vikombe vya nyumbani, wala usivitupe. Utakapofuma cha kumi, vitoe uvitazame upya. Hutahitaji mtu wa kukuambia umefika wapi.

KUFUA NA KUTIA DONDO

Kitambaa kilichotoka mkononi huwa kimelegea na kina jasho la vidole. Kifue kwa maji baridi na sabuni, usikikamue kwa kukisokota. Kisha kitie dondo. Koroga kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika maji baridi kidogo, halafu mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga, mpaka upate uji mwepesi usio na mabonge. Ukipoa, chovya kitambaa, kibinye taratibu, ukitandaze juu ya taulo. Vuta kila petali kwa kidole ikae sawa na mwenziwe, uzishike kwa pini zisizoshika kutu. Siku ya jua utakipata kimekauka kabla ya magharibi. Wakati wa masika kiache ndani penye hewa hata siku ya pili.

Chai ikimwagika, suuza mara moja kwa maji baridi. Ikiwa chai ni ya maziwa, usianze na maji ya moto, kwani moto huyagandisha maziwa katika uzi. Doa la kutu hupungua kwa ndimu na chumvi, kitambaa kikianikwa juani na kusuuzwa vizuri baadaye. Vitambaa utakavyoviweka kwa miezi mingi vifue kwanza dondo litoke, maana mende hupenda wanga kama sisi tupendavyo mkate wa kumimina.

HESABU ILIYOSAHAULIWA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Jumlisha macho ya mizunguko yote sita: 12, 24, 36, 48, 60 na 60. Utapata 240. Hayo ni macho ya kitambaa kimoja. Seti ya vikombe sita ina macho 1,440, na kila moja limepita katika vidole vya mtu.

Mtu huyo akikipeleka kitambaa chake dukani au akimwonyesha jirani, mazungumzo yanajulikana. "Bibi, punguza basi. Si uzi tu huu?" Naye, kwa kuona haya na kwa mazoea, hupunguza. Akirudi nyumbani na fedha mkononi hujiona amepata, kwa sababu fedha hizo zinazidi bei ya uzi. Je, kweli amepata?

Tufanye mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia; wewe weka za kwako, kwa bei za mahali ulipo. Tuseme bonge moja la uzi ni shilingi 4,000, nalo latoa vitambaa 12. Uzi wa seti ya sita ni shilingi 2,000. Sabuni na wanga tuseme shilingi 500. Kila kitambaa kinamchukua mfumaji saa moja, na kufua, kutia dondo na kupiga pini seti nzima ni saa moja nyingine. Jumla ni saa 7.

Akiuza seti kwa shilingi 6,000, akitoa gharama za shilingi 2,500, anabaki na 3,500. Zigawe kwa saa 7: kila saa imempa shilingi 500. Akipunguziwa hadi 5,000, kila saa imempa shilingi 357 tu. Akiuza kwa 9,500, kila saa imempa shilingi 1,000. Sindano ni ileile, uzi ni uleule, mikono ni ileile. Kilichobadilika ni neno moja alilolisema au alilolinyamazia mlangoni.

Hatusemi kila mtu ataipata bei ya juu. Sokoni yako mambo mengi, na wakati mwingine mama huuza kwa bei ya chini kwa kuwa jioni ile watoto wanataka kula. Tunalosema ni kwamba anayejua hesabu yake, hata akiuza kwa hasara, anajua amepoteza nini, na kesho atajihadhari. Asiyeijua hupoteza kila siku akidhani anachuma.

MASHINE NA MKONO

Wako watakaosema: kwa nini tujisumbue, na vitambaa vya plastiki vyenye sura ya lesi vimejaa madukani kwa bei ya chini? Swali hili si jipya, wala halikuanzia Darajani.

Katika nchi ya Ireland, viazi vilipooza mashambani kuanzia mwaka 1845, iliingia njaa kubwa iliyoua watu wapatao milioni moja. Katika miaka hiyo wanawake wengi walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia ili kaya zipate chakula. Katika mji wa Clones kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1847 na Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mahali hapo, na lesi ya Clones ingali inajulikana kwa jina hilo hata leo. Uzi na kulabu, vitu vinavyoingia mfukoni, vilileta mkate wakati shamba halikuwa na kitu.

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili. Lesi ilivaliwa na matajiri wa miji ya mbali, na kati yao na mfumaji palikuwa na wachuuzi. Mkono uliofuma haukuwa ndio uliopanga bei. Kisha, kuanzia miaka ya 1880, viwanda vya Ulaya vilijifunza kudarizi kwa mashine juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa kwa dawa, lesi ikabaki peke yake, ikifanana kwa mbali na ile ya kroshia. Mitindo nayo ikageuka. Waliokuwa wakitegemea bei ya wengine wakajikuta hawana la kusema.

Twajifunza nini? Kwanza, mkono haushindani na mashine kwa bei, na akijaribu atashindwa. Plastiki haina saa za mtu ndani yake. Mkono hushinda kwa kile mashine isichokitoa: pamba inayokunywa tone, kitambaa kinachofuliwa na kurudi kama kipya, petali zilizokaa sawa, seti iliyofumwa kwa kipimo cha vikombe vya mnunuzi mwenyewe. Pili, mfumaji asiyeijua hesabu yake atapangiwa bei na mwingine.

Tena tunao mfano wetu wenyewe. Zipo kofia za mashine, nazo ni rahisi, lakini mtu wa pwani akishika kofia ya viua ya mkono huitambua, huigeuza, hutazama vitundu, na hashangai akitajiwa bei kubwa. Tumefundishana kuheshimu kazi ile. Hapana sababu kitambaa cha kikombe kisifuate njia hiyohiyo, ila labda sababu moja: kofia huvaliwa na kuonekana barazani na msikitini, kitambaa hukaa chini ya kikombe.

MAMBO YA KUFANYA

Nunua daftari dogo. Kila seti iandikie uzi uliotumia, saa ulizofanya kazi, na bei uliyouza. Saa si lazima zifuatane. Robo saa ukisubiri maharage yaive na nusu saa baada ya isha vyote ni saa. Baada ya seti tano utakuwa na hesabu ambayo hakuna mnunuzi atakayeweza kuibishia.

Uza seti, usiuze kimoja kimoja, kwani mwenye vikombe sita hana haja ya vitambaa vitano. Kwa kazi ya kuagizwa, chukua arbuni angalau ya bei ya uzi. Arbuni si dharau kwa mteja. Ni ushahidi kwamba nyote wawili mna nia.

Kaeni pamoja, majirani mnaofuma. Iwe ni katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, iwe ni ghorofa za Michenzani, wako wengine wenye kroshia mkononi kama wewe. Kubalianeni bei ya chini ambayo hapana atakayeivuka, na nunueni uzi kwa pamoja. Shoga yako akiuza kwa bei isiyolipa hata saa zake, na wewe kesho utaambiwa uuze hivyo hivyo.

Nanyi akina baba msikae pembeni. Mke, mama au dada yako anapokaa na kazi yake mkononi, usimtume chumvi kwa sababu wamwona "amekaa tu". Mwulize yuko mzunguko wa ngapi. Ukimkatiza katikati ya kuhesabu, umemrudisha mwanzo. Watoto nao, wa kike na wa kiume, wapewe kroshia. Hakuna njia nyepesi ya kumfundisha mtoto kwamba kosa dogo likifichwa hukua.

Mwisho, tusidhani kwamba kila kitambaa lazima kiuzwe. Vipo vya kumtunza bibi harusi, vipo vya kumpelekea jirani pamoja na sahani ya futari, vipo vya mgeni. Zawadi ni jambo jema, na anayetoa akijua ametoa saa saba za maisha yake, zawadi yake ni kubwa kuliko ya yule anayedhani ametoa uzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapokaribishwa tena chai, inua kikombe chako na utazame kilichobaki chini. Hesabu petali, zikiwa kumi, umekutana na kitambaa chetu. Kisha mwulize mwenye nyumba kilimchukua saa ngapi. Huenda akacheka kwa mara ya kwanza, kwa sababu hajawahi kuulizwa. Lakini juma lijalo, mteja akisimama mlangoni na kumwambia apunguze, atakuwa na jibu.